Balo lililofungwa: nani analipia nguo tunazovaa Bukavu?

Mashauri kuhusu mavazi yenye maadili yanatufikia kila siku kwenye simu: punguza kununua, vaa mitumba, soma lebo, kataa kampuni zinazonyonya wafanyakazi. Ni mashauri mema, ila yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kabati linalofurika na kadi ya benki. Mkaaji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, amevaa chaguwa, yaani mitumba, tangu utoto. Shati jeupe la shule, sweta ya asubuhi za baridi, gauni la ubatizo, vyote vilipita kwanza kwenye mwili wa mtu mwingine, mbali sana na hapa. Na tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji na benki zikafunga milango, wengi wananunua hata hiyo chaguwa kwa kuhesabu faranga moja moja. Ukimwambia mtu huyo kwamba kuvaa mitumba ni tendo la kulinda dunia, hujamwongezea kitu.

Wapo wanaomaliza mjadala hapo. Wanasema maadili ya mavazi ni mazungumzo ya matajiri, na maskini hana la kujiuliza zaidi ya bei. Mimi napinga. Swali la nani anaumia ili mimi nivae linatuhusu sisi kuliko wao, kwa sababu baadhi ya wanaoumia tunawafahamu kwa sura. Wako kwenye soko la Kadutu, wako kwenye soko la Nyawera, wengine ni mama zetu na dada zetu. Katika safari ndefu ya nguo, hasara husukumwa kutoka mkono hadi mkono mpaka imfikie yule asiye na nafasi ya kuikataa. Hapa kwetu inafika ikiwa ndani ya balo, bunda la mitumba, lililofungwa.

Tuliangalie balo hilo. Huko Ulaya, Marekani, China au Korea Kusini, mtu anatia nguo kwenye sanduku la msaada akiamini itamfikia mhitaji. Kuanzia hapo nguo inaingia biashara. Inauzwa kwa kilo, inachambuliwa, mara nyingine katika nchi ya tatu kama Pakistani au Falme za Kiarabu, inapangwa kwa aina na daraja, inabanwa kwa mashine na kukazwa kwa mikanda. Inapanda meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, inavuka Uganda na Rwanda, au inapita Kigoma na Uvira njia inapokuwa wazi, na kila kizuizi kinadai chake. Inapofika kwenye bohari za wafanyabiashara wa jumla, mama wa Kadutu anainunua ikiwa bado imefungwa. Anaambiwa: nguo za watoto, chaguo la kwanza. Haruhusiwi kukata mkanda kabla ya kulipa. Akishalipa, kilichomo ni chake, kiwe kizima, kimechanika au kina madoa ya rangi ya ukuta.

Pesa aliyolipa mara nyingi si yake peke yake. Ni zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana, au mkopo wa AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa, ambao marafiki zake wote watauulizia mwisho wa mwezi. Balo likitoka vizuri, watoto wanalipiwa shule. Likitoka bovu, hakuna ofisi ya kulalamikia. Muuzaji wa jumla atasema naye alilinunua limefungwa, aliyemuuzia atasema vivyo hivyo, na huko mwanzo kabisa kuna kampuni ya kuchambua nguo ambayo imekwisha lipwa na imeusahau mzigo.

Ndiyo maana naumia ninaposikia mteja aliyevaa vizuri akisema, "Mama, nipunguzie, si ni chaguwa tu." Blauzi nzuri iliyotundikwa mbele inabeba gharama ya zile zote zilizotoka kwenye balo hilo zikiwa hazivaliki. Simkatazi mtu kubishana bei. Huo ndio utaratibu wa soko letu, na muuzaji mwenyewe anaacha nafasi. Lakini saa za jioni, mvua ikitisha na mama akiwa hajauza, kuna wateja wanaokuja makusudi kumkamua. Huko ni kumhamishia mtu hasara kwa kuwa ameishiwa nguvu, na mwenye kiwanda kule mbali anafanya hivyo hivyo anapomlazimisha mshonaji wake kazi ya usiku.

Mzigo wenyewe unakua. Kwa hesabu za Shirika la Mazingira la Ulaya, nchi za Umoja wa Ulaya ziliuza nje tani zaidi kidogo ya 550,000 za nguo na vitambaa vilivyotumika mwaka 2000. Mwaka 2019 zilikaribia tani milioni 1.7, na asilimia 46 ya hizo zilikuja Afrika. Chanzo kinafahamika: kati ya 2000 na 2015 utengenezaji wa nguo duniani ulikaribia maradufu, na kila nguo ikawa inavaliwa mara chache kuliko zamani. Nguo iliyoshonwa ili ivaliwe msimu mmoja haiwezi kufika Bukavu ikiwa na maisha ya pili ya miaka kumi. Wauzaji wa siku nyingi wanalijua hilo kwa vidole, kabla ya ripoti yoyote.

Sasa angalia pesa inavyopita. Ufaransa, kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, inawatoza wauza nguo mchango wa senti chache za euro kwa kila vazi, ili kulipia ukusanyaji na uchambuzi wa nguo zilizochoka. Kuanzia Januari 2025 nchi zote za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo hizo mbali na taka nyingine, na mwaka huo huo sheria ya kuwatoza watengenezaji imepitishwa kwa Umoja mzima. Ni hatua ya haki. Ila mchango huo unabaki kule nguo inakokusanywa, wakati nguo yenyewe inakuja kufia huku. Kontena likivuka bahari, linavuka na taka yake bila senti ya kuizika. Mimi naona hapo ndipo dai letu la kwanza linapopaswa kuwekwa, mbele ya somo lolote kuhusu tabia za mnunuzi wa Kiafrika.

Jibu linalopendwa na wengi ni kupiga marufuku. Jirani zetu walilijaribu kwa njia ya ushuru. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikakasirika, na mwaka 2018 ikasimamisha kwa nguo za Rwanda upendeleo wa AGOA, sheria yake ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Sisi tuliokuwa ng'ambo ya mto Ruzizi tuliona upande mwingine: mabalo yaliyopita kihalali kuja Kongo yalianza kurudi kwa magendo usiku, mabegani mwa watu, na wanawake wakavuka mpaka wakiwa wamevaa nguo moja juu ya nyingine. Nani alipata hasara walipokamatwa? Ni wale wale.

Tena hatuwezi kusema kwamba mitumba peke yake ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Kalemie kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Filtisaf, Kisangani Sotexki, Kinshasa Utexafrica iliyoanza kama Utexléo. Kwanza ikaja zairianisation ya Novemba 1973, biashara za wageni zikanyang'anywa na kupewa wananchi wasiozifahamu. Uporaji wa 1991 na 1993 ukafuata. Barabara zikafa, umeme ukawa wa kubahatisha, vita vya 1996 vikakata mashariki kutoka kwa nchi nyingine, na vikwembe (vitenge) vya kuigiza kutoka Asia vikaingia kwa bei ambayo hakuna kiwanda chetu kingeifikia. Chaguwa ilikuta nyumba imekwisha bomoka. Nani leo anajenga kiwanda cha nyuzi Uvira au Kalemie bila umeme wa uhakika? Kufunga soko la mitumba kabla ya kujibu hilo ni kuwavua watu.

Na tusiote kana kwamba pamba yetu ya zamani ilikuwa safi. Mwaka 1917 utawala wa Kibelgiji uliweka kilimo cha lazima, na kuanzia 1920 kampuni ya Cotonco ikatawala pamba katika sehemu kubwa za nchi. Mkulima aliyeacha shamba lake la pamba alifungwa au kuchapwa kiboko, na bei ilipangwa upande wa mnunuzi. Familia nyingi zililima pamba zikakosa chakula. Kwa hiyo mtu anapotuambia "rudini kwenye vya kwenu", nami nauliza vya kwetu vilivyolimwa na nani, na kwa bei ya nani.

Historia ya karibuni inaonyesha nini kinachosaidia kweli. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliwaangukia washonaji. Walikufa zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla, wakalazimishwa kuingia kazini. Kilichobadili viwanda vya Bangladesh baada ya hapo, kwa kiasi kilichobadilika, ni mkataba uliotiwa saini Mei mwaka huo kati ya kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi, wenye nguvu ya sheria, wenye wakaguzi walioruhusiwa kuingia na kuandika walichokiona. Uzbekistan nayo ililazimisha wananchi wake kuvuna pamba kwa miaka mingi. Mamia ya kampuni zilikataa pamba hiyo kwa pamoja, na kususia huko kuliondolewa Machi 2022 baada ya kazi ya lazima ya kimfumo kukoma. Huruma ya mnunuzi mmoja mmoja dukani isingefika huko peke yake. Ilibidi watu wafungwe na mkataba.

Basi mama wa Kadutu wanahitaji mkataba wao. Hauhitaji wanasheria wa Brussels ili uanze. Wauzaji wanaonunua kwa muuzaji mmoja wa jumla wangekubaliana mambo machache: balo lifunguliwe mbele ya pande mbili, risiti iandikwe daraja na uzito, na sehemu isiyovalika ikizidi kiwango walichopatana, bei ishuke. Likelemba na AVEC tayari zina daftari, zina mwekahazina, zina nidhamu ambayo ofisi nyingi hazina. Muuzaji wa jumla anayewauzia kikundi kizima hawezi kukipuuza kama anavyompuuza mmoja. Na picha za mabalo mabovu, zikiandikwa tarehe na nchi yalikotoka, ndizo ushahidi ambao Umoja wa Ulaya hauna katika hesabu zake.

Sasa nguo iliyokufa. Inatupwa wapi? Katika mji huu wa vilima, kila kinachoachwa juu huteremka na mvua: kwenye mifereji, kwenye mto Kawa, mwisho Ziwa Kivu. Maji ya ziwa yanatoka kupitia mto Ruzizi, na pale pale mlangoni lipo bwawa la Ruzizi I la SNEL, shirika la umeme la taifa, linalofanya kazi tangu miaka ya 1950. Kila mwenye macho ameona taka za plastiki zilivyotanda mbele ya bwawa hilo, na mafundi wamekuwa wakizitoa kwa mikono na kwa mashine kwa sababu zinaziba mitambo. Zinazoonekana zaidi ni chupa na mifuko. Lakini polyester, ambayo leo ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani, inatokana na plastiki ile ile ya chupa ya maji, ila imevutwa ikawa uzi. Haiozi. Ikifuliwa inaachia vinyuzi visivyoonekana, na ikitupwa inakaa. Mitambo inaposimama, umeme unakatika Ibanda na Kadutu, na fundi wa cherehani ya umeme anakaa na mikono mapajani. Yule yule ambaye angeweza kuirefushia nguo hiyo maisha.

Hapa mnunuzi ana uwezo wa kweli, na anaweza kuutumia sokoni bila kuongeza faranga. Lebo ndogo ya ndani, upande wa mbavu, inasema zaidi kuliko jina la kampuni lililo shingoni. Tafuta pamba, kitani, sufu. Ukikuta lebo imekatwa, chomoa uzi kwenye upindo, muulize muuzaji kwanza, uuchome: pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, polyester inayeyuka na kuacha kichembe kigumu cheusi. Kwa jinzi, ile nzito ya pamba tupu inashinda ile inayovutika kama mpira, kwa maana uzi wa mpira ndio unaokufa mapema na hauna dawa. Geuza nguo nje-ndani uangalie mishono: je, kuna kitambaa kilichobakizwa pembeni ambacho fundi anaweza kukiachia? Shati lililoshonwa bila akiba haliwezi kupanuliwa. Angalia makwapa, kola, msamba. Koti la sufu la zamani lenye kitambaa cha ndani kilichochanika ni mali, kwa kuwa kitambaa cha ndani kinabadilishwa. Hali ya hewa ya Bukavu inalipenda koti kama hilo, na wengi wanaliruka kwa sababu linaonekana la mzee.

Maandishi ya "imetengenezwa Bangladesh" hayakwambii mengi. Yanataja mahali iliposhonwa tu, si pamba ilikolimwa wala kitambaa kilikotiwa rangi.

Kuna jambo ambalo hatupendi kulisema, nami nalisema kwa uchungu kwa kuwa nalipenda jambo lenyewe. Mitindo yetu ya kuvaa mara moja na kutupa haikuja na kontena. Tunaitengeneza wenyewe, kwenye sherehe na misiba. Kikwembe cha 8 Machi, Siku ya Wanawake, kila mwaka na chapa yake. Kikwembe cha harusi, kimoja cha upande wa bwana, kingine cha upande wa bibi, kingine cha marafiki. T-shirt yenye sura ya marehemu, inavaliwa siku ya mazishi, na baada ya hapo nani ataivaa kwenda sokoni? Polo za kampeni, zilizogawiwa kwa maelfu kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023, na wiki chache baadaye zikawa matambara ya kufutia pikipiki.

Kuvaa pamoja ni sauti ya jamii yetu. Kikwembe kimoja kikionekana kwenye safu nzima ya kanisa kinasema: huyu ni wetu, hayuko peke yake. Sitaki kabisa kupoteza hilo. Ila kila mtu anajua kinachofuata mama mkubwa akishachagua chapa. Dada asiye na kazi anakopa, kwa sababu akija na nguo nyingine ataonekana amewakana ndugu zake. Kikwembe kizuri cha nta kutoka Helmond, Uholanzi, ambako Vlisco inachapa tangu 1846, hakiwezekani kwa familia nyingi, basi wananunua cha kuigiza, mara nyingine polyester iliyochapwa maua ya nta. Kinaning'inia vibaya, kinabana joto, rangi inatoka kwenye maji ya kwanza. Kinavaliwa mara moja. Deni linavaliwa miezi.

Baadhi ya familia wameanza kuchagua rangi badala ya chapa: wote kijani, kila mtu na kikwembe chake kutoka kwenye sanduku. Nimeona picha za harusi kama hizo, na ni nzuri kuliko zile za sare, kwa kuwa kila mwanamke amevaa kitu chenye historia yake, hiki alipewa na mamake, hiki alikipata alipojifungua. Kamati ya harusi ikiamua hivyo katika kikao cha kwanza, dada yule ameokolewa bila yeyote kumtaja. Kwa msiba, kipande cha kitambaa cheusi mkononi, au utepe, kinatosha kuwaonyesha wafiwa. Vyama vya wanawake navyo vingeweza kuandamana 8 Machi na vikwembe vya miaka iliyopita, vyote pamoja, na pesa ya chapa mpya ikaenda kwa wale ambao siku hiyo inawahusu.

Nimemwacha fundi mwisho, na ndiye ninayemfikiria zaidi. Mnunuzi yeyote wa Bukavu anayetaka kufanya haki katika mavazi ana kiwanda cha kukagua mwenyewe, bila wakaguzi wa kimataifa: kibanda cha fundi wake. Huko tunaweza kujua mshonaji analala saa ngapi, kwa sababu sisi ndio tunaomnyima usingizi. Tunampelekea vikwembe Jumatano, tunavitaka Ijumaa. Tunatoa nusu ya malipo, nusu nyingine "baada ya harusi", na baada ya harusi tunapita avenue nyingine ili asituone. Umeme ukikosekana anashona kwa cherehani ya mguu usiku na kupiga pasi ya makaa. Mwanafunzi wake anakaa miaka bila kulipwa, naye pia tumemzoea. Halafu tunahuzunika kusoma habari za Dhaka.

Fundi huyu ndiye anayepunguza koti, anayegeuza kola iliyolika ili upande mzima utoke nje, anayekata jinzi iliyochanika magoti ikawa mfuko wa sokoni, anayetengeneza nguo za mtoto kutoka kwenye gauni la balo ambalo halikupata mteja. Kila saa ya kazi yake ni nguo moja isiyofika Kawa. Tunamwona ghali kwa sababu tunalinganisha bei ya kurekebisha na bei ya blauzi nyingine ya chaguwa, na katika mlinganisho huo mama wa Kadutu amekwisha punguzwa, na mshonaji wa mwanzo alipunguzwa kabla yake.

Familia zinazopanga harusi za Desemba zinaweza kuanza hapa: malipo ya fundi yaandikwe kwenye bajeti mstari mmoja na ukumbi na bia, kwa bei aliyoitaja yeye, yakabidhiwe kwa mwekahazina wa kamati, na yatolewe yote siku nguo zinapochukuliwa.